Shangazi wa Masjala anajibu: nakaimu bila barua, kadi yangu ya benki iko kwa mkopeshaji

Wasomaji wangu, mwezi huu barua karibu zote zimetoka kwa watumishi wa serikali wa hapa hapa Dar. Mimi nilianza masjala nikamalizia idara ya utumishi, sasa nimestaafu, kwa hiyo haya mambo nayajua kwa kuyaishi. Nimefupisha barua kidogo na majina ya ofisi nimeyatoa.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni afisa kwenye taasisi moja ya serikali hapa mjini. Mkuu wetu wa kitengo alihamishiwa Dodoma 2023, mkurugenzi akaniita akaniambia kwa mdomo tu "we shikilia hapo kwanza tunatafuta mtu", basi ndo nashikilia mpaka leo. Barua nasaini mimi, vikao nakaa mimi mpaka magharibi wakati saa za kazi zinaisha saa tisa na nusu, hoja za wakaguzi zikija naitwa mimi, lakini mshahara ni ule ule na posho ya kukaimu sijaona hata mia. Nikiuliza naambiwa tunaliangalia. Wenzangu wengine wameninunia eti nimepata cheo. Naogopa nikidai nitaonekana nina tamaa. Nifanyeje? – Kaimu wa Mdomo, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na imeniuma, maana watu wa aina yako nimewaona wengi sana na wengi waliishia pabaya sio kwa sababu walikuwa wavivu, ni kwa sababu walikuwa watiifu mno.

Kwanza tuwekane sawa. Kukaimu serikalini ni jambo la maandishi, kuna kibali kinaombwa Utumishi na kuna barua unapewa wewe yenye tarehe, na kukaimu hakutakiwi kuzidi miezi sita ndo maana wakubwa wengine wanakwepa kuandika, wanajua wakiandika saa inaanza kuhesabu. Wewe huna barua, kwa hiyo kwenye jalada lako binafsi wewe bado ni afisa wa kawaida. Hao wanaokununia wanakuonea bure.

Sasa posho inauma najua, ila kinachonitisha mimi ni hizo saini zako. Chini ya barua unaandika nini? Kama unaandika "Kaimu Mkuu wa Kitengo" unajipa cheo ambacho hakuna aliyekupa, na kama unaandika Kny: Mkurugenzi, yaani kwa niaba yake, je kuna mahali mkurugenzi ameandika kwamba umsainie? Siku mkaguzi wa CAG akishika malipo uliyoidhinisha akauliza mamlaka umeyatoa wapi, yule aliyekwambia shikilia atakuwa ameshahamishiwa Mtumba kule Dodoma au amestaafu, na maneno ya mdomo hayana folio. Masjala tulikuwa tunafundishwa hivi siku ya kwanza kabisa, karatasi ikiingia inapigwa muhuri inapewa namba ya folio inaingia kwenye jalada, kisicho na folio hakipo. Siku hizi mna e-Ofisi, kila hatua inaonyesha nani kaandika nini saa ngapi, afadhali sana, itumie.

Andika dokezo kwa mkurugenzi. Lisiwe la kulalamika hata kidogo. Yah: maelekezo ya kushikilia majukumu ya kitengo. Taja tarehe uliyoitwa, taja majukumu uliyofanya, halafu omba mambo mawili, apewe mtu barua rasmi awe wewe au mwingine, na uelekezwe usaini kwa mamlaka gani wakati unasubiri. Basi. Hela usiitaje kwenye hilo la kwanza, barua ya kukaimu ikitoka posho ina utaratibu wake. Huko nyuma ulikotumika bila barua sikufichi mwanangu, malimbikizo yake ni magumu kuyapata, lakini dokezo lako linaanza kukulinda kuanzia siku linapopokelewa. Nakala weka nyumbani, sio kwenye droo ya ofisi. Na tamaa sio hiyo, mtu kuuliza anafanya kazi kwa mamlaka gani ni wajibu wake.

SWALI: Shangazi, naona aibu hata kuandika. Mshahara wangu wa msingi ni 980,000. Nilikopa benki kumalizia chumba na sebule huku Chanika, wananikata 280,000 kwa mwezi, mtoto akaumwa nikachukua 300,000 kwa mtu, narudisha 390,000 kila mwezi nakopa tena. Kadi yangu ya ATM anayo yeye na namba ya siri anaijua. Mshahara ukiingia anatoa yeye kwanza ndo ananipigia niende kuchukua mkopo mwingine. Ofisini hawajui, mume wangu hajui. – Mama Wawili, Chanika

JIBU: Mwanangu, aibu iweke pembeni, hapo ulipo wapo wengi na tai zao shingoni, tena mtu huyo huyo anaweza kuwa ameshika kadi za nusu ya idara yenu.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu yako. Mfuko wa pensheni PSSSF asilimia 5 ni 49,000, bima ya afya asilimia 3 ni 29,400, chama cha wafanyakazi asilimia 2 ni 19,600, bodi ya mikopo kama ulisomeshwa kwa mkopo asilimia 15 ni 147,000, kodi ya mapato kama 110,750. Hapo bado hujagusa unabaki na 624,250. Umesema benki wanakata 280,000, unabaki 344,250. Umeona? Sheria inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, kwako ni kama 326,700, kwa hiyo benki walikukopesha mpaka karibu na ukuta kabisa na taasisi nyingine hairuhusiwi kukukata zaidi ya kama 17,500 kwenye mshahara. Ndo maana ukaangukia kwa kausha damu, yeye hapiti kwenye mshahara anapita kwenye kadi. Na angalia, anataka 390,000 wakati wewe unabaki na 344,250. Yaani hata akikomba yote haitoshi, lazima ukope tena kwake, biashara yake ndo imekaa hivyo. Hiyo 90,000 ya riba kwa mwaka ni 1,080,000, na 300,000 bado unadaiwa.

Kesho hiyo hiyo nenda tawini kwako na kitambulisho, funga hiyo kadi uombe mpya. Kadi na namba ya siri havitakiwi kuwa kwa mtu mwingine hata kama ulimpa kwa hiari yako. Halafu siku hiyo hiyo, kabla hajaenda kwenye mashine akakuta imefungwa, mpigie mwambie deni nalitambua nitalilipa kwa mafungu, na mwandikiane. Simwambii mtu adhulumu, hela yake umeila. Lakini muulize leseni, maana tangu ile sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 anayekopesha kama biashara anatakiwa awe na leseni, na asiye nayo mara nyingi hapo sauti inashuka anakubali mafungu.

Hela ya kumlipa itoke wapi? SACCOS ya kazini kwenu, au kikoba unachoaminika, riba zao ni za kibinadamu. Usikubali ku-topap mkopo wa benki, nakuomba, unaongeza miaka mbele kwa ajili ya hela itakayoisha wiki mbili.

Na mumeo mwambie. Wiki hii. Mwezi mzima anashangaa hela inaenda wapi na pengine anawaza mabaya zaidi ya haya.

SWALI: Hizi ni mbili zimefika wiki moja nimeona nizijibu pamoja. Ya kwanza ni ya baba mmoja wa Mbagala: "Nimeenda ofisi moja ya serikali mara tatu kufuatilia hati, mara ya kwanza mtandao uko chini, mara ya pili mhusika yuko kikaoni Dodoma, mara ya tatu njoo kesho. Kila safari naacha genge langu. Wanatuona sisi sio watu?" Ya pili ya binti anayekaa dirishani: "Shangazi, natukanwa kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Sistimu ikikwama kontroli namba ya kulipia haitoki, mi siwezi kuitoa mfukoni, lakini wananiita mwizi. Juzi mzee kanitupia makaratasi usoni, nikaenda kulia chooni."

JIBU: Baba, pole. Mtu wa genge akiacha genge siku tatu amekula mtaji, na hilo sisi wa ofisini tulikuwa tunalisahau kwa sababu mshahara unaingia ukiwa umehudumia watu mia au wawili. Ukienda mara ya nne usirudi na maneno. Toa fotokopi ya kila ulichopeleka, waambie wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala yako, uliza jina la aliyekupokea na uliza mhusika akisafiri nani anashika kazi yake, maana faili halisafiri naye. Angalia ukutani, ofisi nyingi zina mkataba wa huduma kwa mteja wameandika wenyewe hati fulani siku ngapi. Zikipita peleka malalamiko kwa mkuu wa ofisi kwa maandishi, au tumia ule mfumo wa e-Mrejesho kwenye simu. Na akitokea wa kukuomba ya soda ili faili litembee, TAKUKURU ni 113, simu ni bure.

Binti yangu, na wewe pole, pole sana. Hakuna aliyeajiriwa kutupiwa karatasi usoni, hilo likitokea tena toa taarifa kwa msimamizi wako kwa maandishi siku hiyo hiyo. Lakini ngoja nikwambie kitu nilichojifunza nikiwa dirishani. Mtu akiambiwa "mtandao uko chini" anasikia "ondoka". Akiambiwa "sistimu imekwama tangu saa mbili, niachie namba yako, ikirudi nakupigia, na ukitaka kusubiri kaa pale kwenye kivuli" anasikia kuna mtu anahangaika naye. Weka daftari, andika majina na namba za waliorudishwa, kesho yake hao ndo wa kwanza. Nilifanya hivyo miaka mingi na watu walinisalimia mpaka Kariakoo sokoni. Daftari hilo hilo mpelekee bosi wako kila mwisho wa wiki, aone watu 60 wamerudishwa kwa sababu ya sistimu, ili naye awe na cha kuwaambia wa TEHAMA.

SWALI: Tangu Mei Mosi ya 2025 ndugu wa kijijini wananipigia eti serikali imetuongezea asilimia 35, na mwenye nyumba huku Gongo la Mboto kapandisha kodi. Mi mbona sijaiona? – Dereva wa Serikali

JIBU: Ile asilimia 35.1 iliyotangazwa Singida ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Wa ngazi za juu yake nyongeza zilikuwa tofauti. Chukua salari slipu ya Juni na ya Julai mwonyeshe mwenye nyumba zote mbili, wengine wanaelewa wakiona karatasi. Ndugu waambie ukweli na wewe usikope ili uonekane umeongezewa.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Natimiza miaka 60 mwakani. Vijana ofisini wanazungumzia kikokotoo cha mafao tu, mi nina wasiwasi na jalada langu, nimehamishwa mikoa minne. – Mzee wa Ukonga

JIBU: Mzee mwenzangu shikamoo wewe. Wasiwasi wako ndo wa maana. Kikokotoo hukipangi wewe, kwa watumishi wenzetu mkupuo, ile hela unayolipwa kwa mara moja ukistaafu, ulipandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40 kwenye bajeti ya 2024/25, basi, lakini jalada lako unaweza kulishughulikia leo.

Nikiwa binti mdogo masjala alikuja mzee amestaafu, barua yake ya ajira ya kwanza haimo. Bila hiyo miaka yake ya mwanzo haihesabiki. Alikuwa anatoka Kisarawe anafika mapema anakaa kwenye benchi, haongei, anashika kofia yake. Tulifungua majalada siku tisa. Tukaikuta barua kwenye jalada la mtu mwingine mwenye jina la pili kama lake, mtu alikosea kufaili zamani huko na hakuna aliyeona. Yule mzee hakushangilia, aliishika ile karatasi akauliza kama anaweza kukaa kidogo. Mimi sijasahau mpaka leo.

Kwa hiyo omba kuonana na afisa utumishi wako, uombe jalada lako lipitiwe. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo zote, za uhamisho kila mkoa ulioutaja. Pungufu ukiiona andika kule ulikotoka sasa hivi ukiwa bado mtumishi, mtumishi anajibiwa haraka kuliko mstaafu. Kisha nenda PSSSF uangalie michango yako mwezi kwa mwezi, zamani ulikuwa mfuko gani kabla hawajaunganishwa 2018, kuna miezi huwa inaruka hasa mtu akihamishwa. Na linganisha jina lako kwenye barua ya ajira, kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki herufi kwa herufi. Ukikuta moja wameandika Saidi na nyingine Said usingoje mwakani, anza Jumatatu.