Kidole gumba kimevimba usiku: jongo au baridi yabisi?

Dada wa Lamu umeuliza kama uvimbe wa kidole gumba cha mumeo ni jongo au baridi yabisi. Kidole gumba cha mguu kikivimba ghafla usiku, chekundu, hata shuka likigusa mumeo apiga kelele, yaelekea ni jongo: fuwele (chembe ngumu) za asidi ya yuriki, taka ya mwili iliyo damuni, zimeingia kiungoni. Dagaa, maini na pombe huzidisha. Kipimo cha damu siku ya maumivu chaweza kuonyesha asidi iko sawa, msidanganyike. Rudieni baada ya wiki 2 tangu maumivu kuisha.

Baridi yabisi yenyewe huja polepole, hushika vifundo vya mikono yote miwili, na ukakamavu wa asubuhi hudumu zaidi ya saa nzima.

Ila mumeo akiwa na homa, hospitali leo hii: huenda kiungo kimeingia usaha. Usaha huharibu kiungo kwa siku chache tu.