Barua ya "hustahili" baada ya mabomba kupasuka: yaliyonikuta Houston mwaka 2021

Mdogo wangu uliyeuliza jana usiku, pole sana. Nimesoma swali lako mara mbili. Unasema baridi imepasua mabomba, dari ya chumba cha watoto imeshuka, uliomba msaada wa FEMA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia maafa, na sasa umepokea barua kwamba hustahili. Tena shemeji yako anakwambia achana nayo, pesa za serikali ya Marekani si za watu wa kuja. Kwa hilo usimsikilize. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu barua kama hiyo niliwahi kuipokea, nikaikunja nikaitia kwenye droo ya vijiko, ikakaa humo wiki tatu. Wiki hizo nazijutia mpaka leo.

Mimi niko Houston, kusini magharibi, upande wa Alief. Dhoruba ninayoizungumzia ni ile ya Februari 2021. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15, saa saba na dakika 25, wasimamizi wa gridi ya Texas waliagiza umeme uanze kukatwa. Sisi tuliokulia Dar tunaujua mgao: leo kwenu, kesho kwetu, unachaji simu mapema ukijua zamu yako inakuja. Huku nako ilitangazwa kuwa ni kwa zamu, lakini zamu haikuzunguka. Kwetu ulikatika usiku ule, ukarudi Jumatano usiku. Baadaye ndipo ilipoelezwa kwamba mitambo ya kuzalisha umeme na visima vya gesi viliganda kwa kuwa havikukingwa na baridi, na gridi ya Texas imejitenga na za majimbo mengine, kwa hiyo hapakuwa na pa kuazima umeme wa kutosha. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikaa gizani. Gridi nzima ilibakiza dakika 4 na sekunde 37 izimike kabisa. Jimbo lilihesabu vifo 246, wengi kwa baridi. Wengine waliingiza jiko la mkaa ndani wapate joto, wakafa kwa hewa yake yenye sumu isiyoonekana wala kunuka. Kama kwenu bado ni baridi: jiko la mkaa na jenereta visiingie ndani hata kwa dakika tano, wala gari lisiungurumishwe ndani ya gereji.

Nyumba za huku zimejengwa kwa ajili ya joto. Mabomba mengi yamepita juu ya dari, chini ya paa, bila kitu cha kuyakinga. Tarehe 16 asubuhi joto lilishuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Bomba likiganda hupasuka kimyakimya, wala hujui. Maji hutoka siku barafu inapoanza kuyeyuka. Yetu yalitoka Jumatano mchana. Nilikuwa jikoni nikichemsha maji kwenye jiko la gesi, nikaona doa darini kubwa kama sahani. Nikageuka kuweka sufuria chini, nilipotazama tena limekuwa kama sinia, jipsamu imevimba kwa chini kama tumbo la mbuzi aliyeshiba. Nikawaita watoto watoke chumbani kwao, maana doa lilikuwa linakimbilia huko. Mdogo alikuwa ametoka na mto wake mkononi pale dari ya chumba chao iliposhuka yote pamoja, na ile pamba ya manjano inayotandazwa juu, imelowa. Mume wangu hakujua koki kuu ya nyumba iko wapi. Ipo kwenye kisanduku ardhini karibu na barabara, na kifuniko chake kilikuwa kimeshikwa na barafu. Alikibandua kwa chuma cha jeki ya gari. Dakika ishirini hivi maji yalikuwa yanamwagika tu. Wewe unayesoma, kesho kukicha katafute koki yako ilipo.

Sasa msaada. Tarehe 19 Februari Rais Biden aliidhinisha tangazo la maafa makubwa kwa Texas. Watu wengi hawajui kwamba tangazo ni la kaunti kwa kaunti. Gavana aliomba kaunti zote 254. Kwa msaada wa mtu mmoja mmoja ziliidhinishwa 77 kwanza, nyingine zikaongezwa baadaye. Kisha kuna aina mbili za msaada ambazo watu huzichanganya. Upo unaokwenda kwa serikali za mitaa, wa kusafisha barabara na kutengeneza mitambo ya maji, na upo unaokwenda kwa kaya. Dhoruba nyingi za theluji hupata ule wa kwanza tu, na hapo hata ukiandika maombi kumi hutapata kitu, si kwa kosa lako. Kwa kuwa wewe ombi lako limepokelewa, limepewa namba na umejibiwa, inaelekea kaunti yenu imo. Hakikisha tu kwenye disasterassistance.gov.

Tulikuwa hatuna bima ya nyumba. Tuliiacha ikatike mwishoni mwa 2020 saa za kazi zilipopunguzwa kwa ajili ya korona, na lile lilikuwa kosa letu. Nikaomba kwa simu. Kwa sababu ya korona ukaguzi nao ulifanyika kwa simu, na hapa ndipo nataka unisikilize kuliko pengine popote.

Mkaguzi alikuwa mstaarabu kabisa. Akaniuliza kama tuko salama. Nikasema tuko salama, tunamshukuru Mungu. Akauliza kama tunaweza kukaa ndani ya nyumba. Nikasema ndiyo, tunakaa. Akauliza ni vyumba vingapi vimepata madhara. Nikasema kimoja.

Kimoja ni kile kilichoanguka dari. Sikusema kwamba maji yalipita chini ya kapeti hadi koridoni na chumbani kwetu, na kwamba kapeti lilikuwa limeanza kunuka. Sikusema kwamba tunalala watu watano sebuleni kwenye magodoro mawili, na choo tunakimwagia kwa ndoo ya maji ya kwa jirani. Kwetu mtu hammwagii mgeni shida zake kwenye simu. Ukiulizwa hujambo, hata ukiwa na homa unajibu sijambo kwanza, mengine yanafuata taratibu. Yule bwana alikuwa anajaza fomu, na "sijambo" yangu ndiyo aliyoiandika. Barua ilipokuja ilisema nyumba ni salama kuishi, kwa hiyo hakuna msaada wa matengenezo. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe yamenirudia kwa Kiingereza cha ofisini.

Ikaingia kwenye droo. Niliona aibu, nikajiambia wapo walioumia zaidi.

Aliyeitoa humo ni mama mmoja Mkongomani tuliyekuwa tukisali naye. Alikuwa amepanga fleti, yeye na watoto wake wakubwa na wajukuu, na jengo lao lilikaa wiki nyingi bila maji ya uhakika. Alikuja na bahasha yake: "Dada, unisomee hii barua, inasema nini?" Nikaanza kumsomea, nikafika ukurasa wa pili: una siku 60 tangu tarehe ya barua hii kukata rufaa. Nikanyamaza katikati ya sentensi, nikaenda kwenye droo. Yangu ilisema hivyohivyo. Sikuwa nimefungua ukurasa wa pili.

Yake ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, mkataba wa fleti ulikuwa kwa jina la mwanawe, hivyo haikuthibitika kwamba yeye anaishi pale. Na mwanawe naye alikuwa ameshaomba kwa anwani ileile. Ombi ni moja kwa kaya, kwa hiyo mawili yaligongana. La pili, majina. Kwenye kadi ya Social Security, ile yenye namba ya hifadhi ya jamii, jina la ukoo lilikuwa mwisho, kwenye ombi aliandika mwanzo kama alivyozoea Kongo, na mashine ikaona ni watu wawili. Yote hayo yalikuwa ya karatasi tu. Waliacha ombi moja, la mwanawe, wakaandika majina ya wote wanaoishi mle, wakaambatanisha mkataba, bili ya umeme na barua kutoka shule ya mjukuu. Walipata pesa za kodi ya mahali pa muda na za magodoro na vitu vilivyoharibika. Maana mpangaji naye anastahili, jamani. Dari na kuta ni za mwenye nyumba, lakini kitanda, nguo na kodi ya kuhamia kwingine ni zako, na hizo zinaombewa.

Rufaa yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Juu niliandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, anwani ya nyumba, namba ya ombi na namba ya maafa, ambayo kwetu ilikuwa 4586. Kisha nikaeleza chumba kwa chumba, bila kupunguza wala kuongeza: dari imeanguka, kapeti limeoza, maji ya bomba hayaingii, watu watano wanalala sebuleni, mtoto wa pili ana pumu. Fundi bomba mwenye leseni aliniandikia makadirio kwenye karatasi yenye jina la biashara yake na namba ya leseni. Karatasi ile ndiyo iliyobeba rufaa yote, naamini hivyo. Nikaweka na picha. Bahati njema binti yangu mkubwa alipiga picha siku ileile, kabla hatujatupa chochote, kwa kuwa alitaka kumwonesha bibi yake Tanga. Mimi ningesafisha kwanza, ndivyo nilivyolelewa. Wewe usisafishe kabla ya picha. Ukishatupa kapeti bila picha ni kama halikulowa.

Mkaguzi wa pili nilimjibu swali aliloniuliza. Tunaweza kukaa? Nikasema tunakaa kwa sababu hatuna pa kwenda, na nikamweleza tunavyokaa. Baada ya wiki kadhaa ziliingia benki dola elfu nne na kitu. Hazikutosha. Ziliishia kwenye dari na mabomba, kapeti nikamalizia kwa zamu yangu ya kijumbe. Lakini hata hizo elfu nne ningeziacha kwenye droo.

Tangu Machi 2024 kanuni zimelegezwa kidogo, na wengi wanaojibu kwenye uzi huu wanakumbuka za zamani. Zamani wengine walipelekwa kwanza kuomba mkopo wa SBA, lile shirika la biashara ndogo, ndipo wafikiriwe baadhi ya misaada. Watu wa kwetu wakisikia mkopo wanakimbia. Sharti hilo limeondolewa. Rufaa nayo imerahisishwa, fomu inakuja pamoja na barua. Na iliongezwa pesa ya mahitaji ya haraka, dola 750 kwa kaya ilipoanza, kwa chakula, maji, maziwa ya mtoto na mafuta ya gari. Kama una bima, tuma barua ya bima inayoonesha wamelipa nini na nini hawakulipa, kwa sababu FEMA hailipi kitu kilichokwisha kulipwa. Chakula kilichooza kwenye friza hawalipi. Kama una kadi ya SNAP, ile ya msaada wa chakula, hicho uliza kwa ofisi ya jimbo, kwetu ilikuwa kupiga 211.

Kuhusu shemeji yako. Anayestahili pesa za FEMA si raia peke yake. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, awe amepata kwa bahati nasibu au kwa ndoa, anastahili. Mkimbizi aliyeletwa kutoka kambi kama Nyarugusu ya Tanzania au Kyangwali ya Uganda anastahili, na aliyepewa hifadhi pia. Na kama mzazi hana hadhi hiyo lakini mtoto mdogo wa nyumba hiyo ni raia, ombi linaweza kuandikwa kwa jina la mtoto, ingawa hapo zungumza na mwanasheria wa msaada wa bure kabla hujajaza. Texas wapo Lone Star Legal Aid. Mimi niliomba na green card, na 2023 nikaapa uraia. Hakuna aliyeniuliza kuhusu zile elfu nne. Risiti zake ninazo bado, maana zinatakiwa zitunzwe miaka mitatu.

Kiingereza kikikushinda kwenye simu, 1-800-621-3362, sema tu "Swahili" na subiri; wanatafuta mkalimani. Usimweke mtoto wa miaka kumi atafsiri. Mtoto atasema mama hajambo.

Na mkaguzi wa kweli haombi pesa. Akiomba hata dola tano, funga mlango.

Sasa fanya hivi: tafuta tarehe iliyo juu ya barua, hesabu siku 60, iandike kwenye friji. Soma ukurasa wa pili, ile sababu waliyoitaja, uandike hapa ilivyo neno kwa neno, wengine humu nao watasaidia. Ukitaka nikusaidie rufaa yenyewe, nitumie barua kwa ujumbe wa faragha nikitoka kazini saa mbili usiku kwa saa za Houston, lakini namba ya Social Security ifunike kwa kidole kabla hujaipiga picha.