Anza na bibi, karatasi baadaye

Ndugu yangu, umeuliza uanzie wapi kuutafuta ukoo wa babu yako wa Songea. Anza na bibi, wiki hii hii, simu ikirekodi. Usimuulize miaka, maana wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Muulize hivi: baba yake alizaliwa kabla ya Vita vya Maji Maji (1905–1907) au baada? Walihama wakati wa vijiji vya ujamaa, miaka ya 1970? Babu alirithi jina la nani? Hilo la jina usiliache, linaweza kukurudisha vizazi viwili nyuma. Kama walikuwa Wakatoliki, nenda parokiani: daftari la ubatizo huwa na majina ya wazazi na msimamizi. Mimi nilichelewa, bibi yangu akafariki na majina yote ya upande wa mama yake. Bado inaniuma.