Tumefunga mwamba wa pweza, watu wanaingia tu. Tunakosea wapi?

SWALI: Habari mtaalam. Mimi ni katibu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi ufukweni, kijiji kimoja huku Kilwa. Mradi ulikuja tukaandikiwa mpango wa usimamizi kurasa kibao, tukafunga mwamba wa pweza miezi mitatu asivue mtu ili pweza wakue, mwezi haujaisha watu washaingia, na wageni wa dago, wavuvi wanaohama na kupiga kambi kwa msimu, ndo vinara. Tunakosea wapi?

JIBU: Pole dada katibu, mipango ya hivo imejaa kwenye makabati ya halmashauri. Kabla hatujawalaumu wa dago, hivi huo mwamba mliofunga si ndo ule kinamama wanaufikia kwa miguu maji yakitoka? Maana mara nyingi kwenye kikao wanaongea wenye vyombo na wazamiaji, wanapitisha kufunga kule ambako wao hawategemei, mama mwenye kijiti chake cha kuchokolea pweza anakaa miezi mitatu bila hela ya unga. Huyo akiingia kimyakimya mi simshangai. Kwa hiyo kabla ya ramani na GPS kaeni muandike nani anapoteza, anapoteza shilingi ngapi kila bamvua (zile siku maji yanakupwa na kujaa sana), na atakula nini. Mkikosa jibu punguzeni eneo, fungeni kipande tu, kingine kibaki wazi.

Pweza mwenyewe hana shida, anakua haraka sana, akiwa mdogo uzito wake unaweza kukaribia mara mbili ndani ya mwezi mmoja hivi, ndo maana kijiji cha Andavadoaka kule Madagascar walipoanza kufunga mwaka 2004 matokeo yalionekana mapema na vijiji jirani vikaiga. Miezi miwili mitatu inatosha.

Sasa siku ya kufungua, hapa ndo vijiji vingi vinaharibu. Mnatangaza tarehe bila kuangalia mwezi wa angani, maji bado yamejaa, wazamiaji wanatangulia na miwani na bunduki za mshale, kinamama wanafika mwamba ushasafishwa. Wewe ungekuwa wao ungekubali kufunga tena? Fungueni bamvua, maji yanakauka mida ya saa nne saa tano asubuhi, na muandike kabisa kwamba waendao kwa miguu wanaingia kwanza na wazamiaji wasubiri hadi maji yaanze kujaa. Mstari mmoja tu huo lakini kwangu una thamani kuliko sura nzima ya "ushirikishwaji wa wadau".

Kuhusu faini, muhtasari wa kikao cha BMU sio sheria, mtu akigoma kulipa hamna pa kumpeleka. Pitisheni sheria ndogo, halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, afu inapelekwa baraza la madiwani kuidhinishwa. Inachukua muda, kwa hiyo anzeni hata kabla ya kufunga, na mfuatilie, karatasi ikilala wilayani hakuna wa kuiamsha zaidi yenu.

Wa dago nao msisubiri kuwakamata. Wengi wanarudi msimu kwa msimu na wana mwenyeji kijijini anayewapokea na kununua samaki wao, huyo mwenyeji ndo wa kumbana, akiona pweza wa mwamba uliofungwa asinunue, akinunua naye alipe. Doria ya boti kila siku inakula mafuta na mradi ukiondoka inakufa, ila mnunuzi yuko palepale na mzani wake. Na hapohapo mzanini ndo mkatae pweza wa chini ya gramu 500, hiyo ni kanuni ya nchi tayari, hamhitaji kikao.

Mpango mkubwa msiutupe, ramani zake zinafaa, ila ya kubandika pale bandarini iwe karatasi moja: mipaka kwa majina mnayotumia wenyewe ya miamba, tarehe, nani anaingia lini, faini, na namba ya simu ya mwenyekiti. Na mkifungua, pimeni kilo zote za siku hiyo muandike na bei, za kinamama daftari lao na za wazamiaji lao, mkikaa kupanga awamu ya pili mtaona nani kapata na nani kabaki na kijiti.