Usilipie vidonge vya utamu kabla hujahesabu vitafunio

Dada, usilipe hizo fedha kwanza. Umeuliza kipi bora kati ya stevia na sukralosi, yaani vibadala vya sukari vinavyotia utamu bila kalori, wapi utapata kwa bei nafuu, na kama watoto wanaweza kutumia, lakini kilichonishtua ni sentensi yako ya mwisho, kwamba ukishaondoa sukari kwenye chai utarudia chapati zako za asubuhi bila wasiwasi. Hapo hapo ndipo nilipoteleza mimi, na uzito ukapanda.

Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi, yaani takriban kalori 16. Anayetia vijiko vitatu kwa kikombe na kunywa vikombe viwili anaokoa kalori zisizofika 100. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na chapati ya kukunja, ile inayopakwa mafuta kabla ya kuviringishwa kisha ikapakwa tena juu ya kikaangio, inaweza kumeza kiasi hicho peke yake, unga haujahesabiwa. Chapati moja ya nyongeza inafuta akiba ya siku nzima, nami nilikuwa naongeza kila asubuhi kwa sababu niliambiwa sasa nina nafasi.

Aliyeniambia ni muuzaji aliyejiita mtaalamu wa lishe, akadai utafiti umethibitisha kwamba vidonge vyake vinakata njaa. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka, kwa sababu alichukua fedha za watu wanaohangaika na afya zao akawauzia ruhusa ya kula. Kidonge kinachukua nafasi ya sukari, basi.

Utafiti ninaouamini zaidi ulifanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2012. Watoto 641 walipewa kinywaji cha mililita 250 kila siku kwa miezi 18, wengine chenye sukari ya kalori 104, wengine chenye utamu usio na kalori, na hakuna aliyeambiwa anakunywa kipi. Kwa kuwa walikuwa wakikua, wote waliongezeka: wa sukari wastani wa kilo 7.37, wenzao kilo 6.35. Tofauti ya kilo moja ilipatikana kwa watoto ambao hawakuambiwa kwamba wameokoa chochote, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kujizawadia. Wewe utajua, kila utakapodondosha kidonge kikombeni na kukitazama kikiyeyuka.

Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vibadala hivi visitumike kudhibiti uzito, ushauri ambao hauwahusu wenye kisukari tayari. Shirika liliutoa kwa tahadhari, si kwa uhakika kamili, kwa sababu tafiti za kufuatilia watu kwa miaka mingi zina utata: huenda wengi wanaovitumia walivikimbilia baada ya kuanza kunenepa. Muuzaji hakutaja hata neno moja la hayo.

Kwa hiyo shika hili: kidonge kiingie mahali pa sukari uliyokuwa ukitia kweli, na sahani ibaki kama ilivyokuwa jana, au ipungue. Kabla hujalipa, andika hapa unakunywa vikombe vingapi kwa siku, vijiko vingapi kila kikombe, na unatafuna nini pamoja na hiyo chai, tukupigie hesabu.