Kufuata NBA Ukiwa Kisumu: Maswali Yenu na Majibu

Wiki hii kandanda itasubiri. Barua kuhusu NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, zimerundikana mezani, nyingi kutoka kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Marekani lakini wanawajua hadi wachezaji wa akiba wa Denver. Nami ni wa kundi hilo, kwa hiyo tuongee kama mashabiki.

Kila mwaka ifikapo Machi mechi hunipita. Ninaamka saa ileile niliyozoea, nakuta robo ya kwanza imekwisha. Nani hubadilisha ratiba? (Mwanafunzi wa chuo, Maseno)

Ratiba haibadilishwi. Zinazobadilishwa ni saa za Wamarekani. Jumapili ya pili ya Machi wengi wao husogeza saa mbele, kisha huzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatuna sababu ya kufanya hivyo: mstari wa ikweta unapita hapo hapo Maseno, na mchana wako wa Januari na wa Julai karibu ni sawa. Kwa hiyo kati ya Novemba na Machi, New York iko nyuma yetu kwa saa 8, na baada ya hapo kwa saa 7. Los Angeles ni saa 11, kisha 10.

Mechi ya saa moja jioni kule New York huanza kwetu saa tisa usiku katika miezi ya baridi yao. Kuanzia Machi, mechi kama hiyo inaanza saa nane. Ndiyo maana unachelewa. Kumbuka pia kwamba mechi wanayoiita ya Jumanne, wewe utaitazama Jumatano kabla ya jogoo kuwika.

Nafundisha shule ya msingi na lazima niwe darasani mapema. Nikikesha na mechi, nasinzia mbele ya watoto. Nisipokesha, najiona shabiki bandia. (Mwalimu, Kakamega)

Mwalimu, ondoa hilo neno bandia. Kila timu hucheza mechi 82 kuanzia Oktoba hadi Aprili, kabla hata hatua ya mtoano haijaanza. Hata mtu anayeishi Boston hazitazami zote, na yeye anazipata baada ya chakula cha jioni.

Mimi ninaamini, na nitalitetea hili popote, kwamba mechi iliyotazamwa nzima jioni ya siku inayofuata, akili ikiwa timamu na matokeo hayajulikani, ni bora kuliko mechi ya moja kwa moja iliyotazamwa kwa jicho moja. Kazi ngumu ni kuyakwepa matokeo. Kwenye League Pass, huduma ya kulipia ya NBA, kuna sehemu ya kuficha matokeo, iwashe. Zima arifa za programu za michezo. Kundi la WhatsApp la mashabiki linyamazishe hadi umalize kutazama, na wenzako waambie wazi kwamba hupendi kuambiwa. Jioni, ukishasahihisha madaftari, tazama. Mchezo wenyewe ni dakika 48, lakini mechi ya moja kwa moja huchukua zaidi ya saa mbili kwa sababu ya mapumziko na matangazo. Wewe utayaruka.

Kama ni lazima utazame moja kwa moja, penda timu ya magharibi ya Marekani. Wapenzi wengi wa NBA huku hawajalifikiria hili. Mechi ya nyumbani ya Lakers au Warriors inayoanza saa moja jioni kule, wakati wa baridi yao inaanza kwetu saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya shule utaona robo ya kwanza ukinywa chai, nyingine utazikuta jioni. Siku ya Jumapili alfajiri unaiona yote, kisha unaoga na kwenda kanisani.

Usiku wa kukesha uweke kwa ajili ya fainali za Juni. Huanza mara nyingi saa tisa na nusu usiku wetu, na haziwezi kuzidi mechi saba. Mwaka 2025 Oklahoma City Thunder na Indiana Pacers walifika hadi ya saba, Thunder wakatwaa ubingwa. Usiku kama huo lala mapema, amka, tazama na mtu. Kesho yake hata ukichoka, umechoka kwa sababu nzuri.

Bando linaisha kabla ya robo ya tatu. Nifanye nini? (Fundi wa simu, Kondele)

Punguza ubora wa picha kabla ya mechi kuanza, usingoje bando lianze kulia. Video ya ubora wa juu hula takriban gigabaiti 3 kwa saa, ya ubora wa chini haifiki 1. Kwenye kioo cha simu tofauti ni ndogo, na mpira utauona.

Siku ambayo mfuko umekauka, muhtasari wa bure kwenye YouTube unakutosha. Baada ya kuutazama, fungua jedwali la takwimu za mechi. Jedwali hilo linakula data kidogo sana na linakueleza mengi ambayo muhtasari huficha: nani alikosa mitupo huru, nani alipata ribaundi nyingi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) bila kufunga, timu ipi ilipoteza mpira ovyo. Muhtasari huonyesha mpira ukiingia tu. Zile tovuti za wizi zinazokurushia matangazo machafu na kukuomba upakue programu usizozijua, ziache. Wewe ni fundi, umeshaona simu zilizoharibiwa namna hiyo.

Mwanangu wa kidato cha tatu anajua mpira huu kuliko masomo, na sasa nimegundua anabeti mechi za usiku kwa simu ya binamu yake. Nimnyang'anye simu? (Mama, Bungoma)

Mama, pole. Simu ni ya binamu, kwa hiyo anza na binamu. Sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti, na mtu mzima anayemwazima mtoto akaunti yake lazima aelezwe hivyo na wazee wa familia.

Kisha keti na kijana, umweleze jambo ambalo kampuni za kamari hazitamwambia. Aprili 2024 NBA ilimpiga marufuku ya maisha kucheza Jontay Porter wa Toronto Raptors, baada ya uchunguzi kubaini kwamba aliwapa watu wa kamari habari za siri za afya yake na kwamba yeye mwenyewe alibeti mechi za NBA. Wapo watu waliokuwa wakijua mapema kwamba Porter angetoka mapema uwanjani. Mwanao, akiwa Bungoma saa tisa usiku, anaweka pesa yake dhidi ya watu wa namna hiyo.

Lakini mapenzi ya mchezo usiyazime. Kijana anayekariri takwimu ni mali. Kwenye mashindano ya shule na ya ligi ndogo watu wa meza, yaani wanaojaza karatasi ya pointi na faulo na kusimamia saa, hawatoshi. Mwombe mwalimu wake wa michezo amfundishe kazi hiyo. Huko atakaa karibu na mpira zaidi ya anavyokaa sasa.

Naanza tu kufuata. Nichague timu gani? (Mwendesha bodaboda, Nakuru)

Usichague bingwa wa mwaka huu. Chagua timu yenye mtu ambaye habari zake utazitafuta hata timu yake ikishindwa.

Ningekuwa ninaanza leo, ningemfuata Khaman Maluach. Ni kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Uganda, safari ya siku moja ya basi kutoka hapo Nakuru. Alianza kucheza akiwa na miaka 13 hivi, akaenda kwenye akademia ya NBA nchini Senegal, akacheza Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10 katika drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) na kuangukia Phoenix Suns. Tena Phoenix ina faida yake kwetu: jimbo la Arizona, kama sisi, halisogezi saa. Mechi yao ya nyumbani ya saa moja jioni ni saa kumi na moja alfajiri kwako, iwe Desemba au Aprili. Unaitazama kabla ya kuwasha pikipiki.

Ukitaka historia, msome Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Mwaka 2009 Memphis walimchukua akiwa wa pili katika drafti nzima, kabla ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry aliyekuwa wa 7. NBA haikumwendea alivyotarajia, na watu humtaja kwa kejeli. Mimi siwaungi mkono. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika pale, Mswahili aliyesimama katikati ya uwanja akiwa na urefu wa futi saba na zaidi, na watoto wengi wa pwani na bara walishika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza kwa sababu yake.

Nina kibanda cha kuonyesha mpira. Je, kikapu kinaweza kuleta watu? (Mfanyabiashara, Busia)

Kwa mechi za saa tisa usiku, hapana. Lakini Krismasi NBA hucheza kutwa nzima, na mechi ya kwanza huwa saa mbili usiku kwetu, watu wakiwa nyumbani kwa likizo. Jumapili nyingi pia kuna mechi za mchana kule ambazo kwetu ni kati ya saa tatu na saa tano na nusu usiku. Anza na hizo. Muulize kwanza anayekuuzia huduma ya televisheni kama usajili wako unaruhusu kuonyesha kwa malipo, maana usajili wa nyumbani kwa kawaida hauruhusu.

Jamaa zangu wa Nyalenda husema napoteza muda na watu wasiojua hata kama Kisumu ipo. Kwa nini nisishabikie vya hapa? (Shabiki, Kisumu)

Nani aliyesema lazima uache kimoja? Na kwamba hawatujui, si kweli. Masai Ujiri, aliyeijenga Toronto iliyotwaa ubingwa wa 2019, mama yake ni Mkenya. Barack Obama, aliyekuja Kogelo mwaka 2018 kufungua kituo cha Sauti Kuu chenye uwanja wa kikapu, alijiunga na NBA Africa kama mshirika mwaka 2021. Kogelo unaijua njia yake.

Lakini sehemu moja ya shutuma yao ina uzito, nayo ni kwamba wengi wetu tunajua mitupo ya Curry kuliko mtupo wa Tylor Ongwae. Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya ilicheza na Angola, waliokuwa wamelibeba kombe la Afrika mara 11. Ongwae akafunga sekunde za mwisho kabisa, 74 kwa 73. Ushindi huo ndio uliotufungulia njia ya kurudi AfroBasket, yaani kombe hilo la Afrika, baada ya miaka 28, chini ya kocha Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika mashindano hayo. Ukiona video yake bila kusimama, nitashangaa. Waonyeshe hao jamaa.

Kisha waambie habari za majirani. Julai 2024, jijini London, Sudan Kusini ilipoteza kwa Marekani yenye LeBron James kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Siku chache baadaye ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79 katika mechi yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Nyuma ya timu hiyo yuko Luol Deng, aliyecheza NBA miaka mingi, akarudi kuongoza shirikisho la nchi yake. Na katika kikosi hicho alikuwemo Nuni Omot, aliyezaliwa hapa Kenya katika familia ya wakimbizi. Mambo haya yote yameunganishwa. Ukiifuata NBA vizuri itakurudisha nyumbani, kwa sababu nusu ya hadithi zake nzuri zinaanzia upande wetu.

Una pia BAL, ligi ya klabu za Afrika iliyoanza Kigali mwaka 2021. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder walikuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza humo. Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja tu, hakuna kukesha. Ukitazama BAL au ligi yetu utaona tofauti: robo ni dakika 10 badala ya 12, mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 badala ya 7.24, na mchezaji hutolewa kwa faulo ya tano, si ya sita. Mchezo unabana zaidi na kosa moja linauma mapema. Mimi ninaupenda hivyo.

Na sisi wasichana? Kila mtu anaongea NBA tu. (Mchezaji wa shule, Siaya)

Dada, ligi ya wanawake, WNBA, inakufaa kuliko ya wanaume, maana huchezwa kati ya Mei na Oktoba, na mechi zao za Jumapili mchana huanza kwetu jioni, kuanzia saa mbili. Mtazame A'ja Wilson wa Las Vegas Aces, mabingwa wa 2025. Ndiye wa kwanza kushinda tuzo ya mchezaji bora mara nne. Mwangalie anavyoweka miguu kabla ya mpira kumfikia, kisha kafanye hivyo mazoezini. Na wafuate Lionesses wetu, timu ya taifa ya wanawake: Julai 2021 waliifunga Misri kwenye fainali ya Kanda ya Tano ya Afrika huko Kigali.

Jezi halisi ni ghali mno. Nitaipata wapi? (Kijana, Manyatta)

Soko la Kibuye, Jumapili, kabla ya saa mbili asubuhi. Mitumba mingi inatoka Marekani, na jezi zimo katikati ya fulana za shule zao. Kagua namba na jina kama vimeshonwa au vimebandikwa tu, nusa kama kuna dawa kali, vuta mshono wa kwapani. Na usikatae jezi ya mchezaji aliyestaafu. Ukikuta ya Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyetutoka Septemba 2024, na ikakutosha, lipa bei uliyotajiwa.