Re: Thanos aliua kwa sababu ya njaa au mapenzi?

Mkuu, umeuliza kama Thanos, yule adui wa hadithi za Marvel, aliua nusu ya viumbe kwa sababu chakula hakitoshi, na kwa nini kisa kinakatika katikati. Hiyo ya chakula ni ya sinema ya 2018, Avengers: Infinity War. Kwenye The Infinity Gauntlet, kitabu cha katuni cha 1991, aliyoiandika Jim Starlin, jamaa kapenda tu. Kampenda Kifo, ambaye mle ni mwanamke kabisa, kajifunika joho, wala hamsemeshi. Thanos anapiga vidole, nusu ya ulimwengu inatoweka, bibie bado kanuna! Mpaka anaumba mwanamke mwingine, Terraxia, ili amtie wivu. Adui mzima wa ulimwengu anahangaika kama kijana wa bodaboda aliyezimiwa simu.

Mimi naona huyu wa kitabuni anatisha zaidi. Wa sinema angalau unaweza kukaa naye ukabishana hesabu. Huyu utamwambia nini?

Kuhusu kukatika: kisa chenyewe ni matoleo 6, ila matawi yake yako kwenye vitabu vya Silver Surfer, Doctor Strange na Hulk. Biashara hiyo, wakulazimishe ununue vyote. Soma yale 6 kwanza, utaelewa. Langu moja nililiokota soko la mitumba la Memorial hapa Moshi, chini ya rundo la jaketi za watoto, halina jalada, na pembeni mtu kapigia hesabu ya debe za mahindi kwa kalamu nyekundu.

Halafu ukifika mwisho usishangae: steringi hawamuui. Anaishia shambani, analima.